Kuchora Bustani Yenye Jua: Njia, Mimea na Majengo katika Mwanga wa Nyanda za Juu Kusini

Anayeketi mbele ya bustani mjini Iringa saa tatu asubuhi mwezi wa Julai, ubao wake ukiwa magotini, hukutana mara moja na ugumu ambao hakuna duka la vifaa linaloweza kumwondolea: rangi nyeupe kabisa aliyonayo haikaribii ung'avu wa ukuta wa chokaa unaopigwa na jua. Ubao hautoi mwanga, bali hurudisha sehemu tu ya mwanga unaouangukia. Ndiyo maana mchoraji anayelitafuta jua kwa kuzidisha nyeupe na njano huishia na picha iliyopauka, ambayo mtazamaji huisoma kama siku ya mawingu. Katika mwongozo huu nitaeleza utaratibu ulio kinyume chake, yaani kuanza na vivuli, kuvifunga vyote kwenye saa moja, kuvipa rangi vilivyo nayo kweli, kisha kuyaacha maeneo ya mwanga yawe yale ambayo brashi imeyagusa mara chache.

Mfano nitakaourudia ni bustani ya nyumba ya zamani yenye baraza la matao manne, ngazi chache za mawe, njia ya udongo mwekundu inayopanda kuelekea mlangoni, migomba upande mmoja na boganvilia upande wa pili. Bustani za namna hiyo tunazo nyingi huku kwetu, kuanzia kwenye majengo ya misheni, kama Tosamaganga nje kidogo ya Iringa au Rungwe ambako Wamoravian walianza kazi mwaka 1891, hadi kwenye nyumba za serikali zilizoachwa na Wajerumani na Waingereza. Anayetaka kuchora ndani ya kiwanja cha watu aombe ruhusa kwanza, na uzoefu wangu ni kwamba ruhusa hupatikana upesi zaidi mtu akifika na ubao mtupu kuliko akifika na kamera shingoni.

Saa ya jua kabla ya penseli

Iringa iko karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta na Mbeya karibu nyuzi 9, na tarakimu hizo mbili zina maana kubwa kwa mchoraji kuliko aina ya brashi atakayonunua. Maana yake ni kwamba jua la mchana hupita utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na tena karibu na mwisho wa Februari. Kati ya tarehe hizo jua la mchana huwa upande wa kusini, na miezi yote iliyobaki huwa kaskazini. Baraza linalotazama kusini, kwa hiyo, hulipata jua la mchana katika msimu wa mvua tu, na mwezi wa Juni hukaa kivulini wakati kama huo. Linalotazama kaskazini ni kinyume chake. Mtu mwenye urefu wa sentimita 170 akisimama Mbeya mchana wa mwezi wa Juni hutupa kivuli cha zaidi kidogo ya mita moja kuelekea kusini, na mwezi wa Desemba kivuli chake huelekea kaskazini na hakifiki nusu mita. Nimewahi kuona picha ya bustani ya Tukuyu iliyojaa maua ya Desemba huku vivuli vyake vya mchana vikianguka kama vya Juni, kwa sababu mchoraji aliunganisha picha mbili za simu zilizopigwa miezi tofauti. Mtu ambaye hajui chochote kuhusu jua hawezi kusema kosa liko wapi, lakini huhisi kuwa mahali pale hapaaminiki.

Jambo la pili ni saa. Kivuli kifupi kabisa hakipatikani saa sita kamili, kwa sababu saa zetu zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, inayopita baharini mbali na pwani yetu, ilhali Mbeya iko karibu nyuzi 33 na nusu. Kwa wastani, adhuhuri ya jua Mbeya huwa karibu saa saba kasoro robo, na Iringa hutangulia kwa dakika chache tu. Saa moja kabla ya hapo na saa moja baada ya hapo huwa sizichori kabisa: nguzo hazitupi kivuli cha maana, majani yote yanang'aa juu na kuwa meusi chini, na njia inapoteza umbo lake. Saa nzuri ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, au saa tisa na nusu alasiri hadi saa kumi na moja na nusu. Katika msimu wa mvua mimi huchagua asubuhi, kwa kuwa alasiri mawingu huweza kujikusanya milimani na kumnyang'anya mtu kivuli akiwa katikati ya kazi.

Nilijifunza haya kwa aibu. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikaa kwenye bustani moja mwezi wa Julai kuanzia saa mbili asubuhi hadi karibu saa saba mchana, nikipaka kila kitu kwa wakati nilipokifikia: nguzo kwanza, ngazi saa nne, mparachichi mwishoni. Mzee aliyekuwa akimwagilia maua alisimama nyuma yangu kwa muda mrefu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, hapa kwenye picha yako kuna majua mangapi?" Nilipotazama upya niliona kivuli cha nguzo kimelala magharibi, cha ngazi kimeelekea kusini-magharibi, na cha mparachichi kimejikunja chini ya shina.

Tangu siku hiyo huanza kazi kwa kuchomeka kijiti ardhini na kuweka kokoto kwenye ncha ya kivuli chake, kisha ndani ya dakika 15 za kwanza huchora kwa penseli mipaka ya vivuli vyote vikubwa vya bustani nzima kabla sijagusa rangi. Jua husafiri nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo mipaka hiyo huwa ya uongo mapema kuliko mtu anavyodhani, lakini ikishaandikwa kwenye ubao ndiyo sheria. Kivuli cha kijiti kikishaiacha kokoto kwa umbali wa mguu mmoja, mimi huinuka na kwenda nyumbani, hata kama mkono bado una hamu.

Vifaa, kwa ufupi

Sitakaa sana hapa, maana wengi hutumia fedha nyingi kwenye vifaa na muda mchache kwenye kutazama. Rangi za akriliki ndizo ninazopendekeza kwa anayeanza, kwa kuwa kosa hufunikwa kwa urahisi. Anayependa rangi za maji atumie karatasi nzito ya gramu 300, isije ikajikunja. Badala ya kanvasi ya dukani, kipande cha hadibodi kinatosha kabisa: kikwaruze kwa msasa, kipake mikono miwili ya rangi nyeupe ya ukutani isiyong'aa, kiache kikauke usiku mzima. Hadibodi ina historia ya heshima katika uchoraji wetu, kwani Edward Saidi Tingatinga, mwenyeji wa Tunduru, aliitumia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 pamoja na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli. Rangi hizo, hata hivyo, hazifai kwa kazi hii, kwa sababu hukauka zikiwa na mng'ao na kingo kali, nasi tunahitaji kingo laini mahali pengi.

Rangi 7 zinatosha: nyeupe ya titani, bluu ya altramarini, njano ya limau, njano ya oka, sienna iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), nyekundu ya alizarini, na nyekundu moja yenye kuelekea machungwa. Nyeusi niliiacha nyumbani miaka mingi iliyopita, isipokuwa kwa kijani kimoja nitakachokitaja baadaye. Brashi tatu bapa na moja nyembamba zinatosha pia. Kabla ya kuanza, paka ubao mzima sienna iliyolainishwa kwa maji mengi, mpaka uwe na wekundu hafifu kama chungu kilichopauka, kwa kuwa wekundu huo utakaochungulia kati ya viboko vya brashi utafanya kazi ya udongo wetu bila wewe kuuchora. Mwezi wa Juni na Julai upepo mkavu wa Iringa huikausha akriliki kwenye sahani ndani ya dakika chache, hivyo chupa ya kunyunyizia maji, kama zile za vinyozi, ni ya lazima.

Njia inayopanda, nyumba isiyopanda

Hapa ndipo wachoraji wa huku kwetu hukosea kuliko mahali pengine popote, na sababu ni kwamba mafunzo mengi ya mtazamo wa umbali, yaani namna ya kuchora vitu vikipungua kadiri vilivyo mbali, hudhani ardhi ni tambarare, ilhali bustani zetu ziko kwenye miteremko.

Kila kinachochorwa kwa mtazamo kinategemea mstari mmoja, yaani usawa wa macho ya mchoraji. Mahali tambarare mstari huo huonekana kwa urahisi, lakini penye mteremko kilima huuficha na kumdanganya mtu. Njia ninayoiamini ni chupa ya maji ya plastiki iliyojaa nusu. Ishike mbele ya uso, iinue au ishushe mpaka uso wa maji uonekane kama mstari mmoja mwembamba, si duara lililobanwa. Chochote kinachoonekana nyuma ya mstari huo, iwe ni kizingiti cha dirisha au tawi la mti, kiko usawa wa macho yako. Weka alama ubaoni.

Sasa angalia tofauti. Kuta za nyumba, mistari ya vigae, sakafu ya baraza na ukingo wa upenu vimejengwa kwa pimamaji, kwa hiyo mistari yao inayokwenda mbali hukutana kwenye ule usawa wa macho: iliyo juu yake huteremka kuufuata, iliyo chini yake hupanda. Njia ya udongo haikujengwa kwa pimamaji. Ikiwa inapanda, kingo zake mbili hukutana mahali palipo juu ya usawa wa macho, na kadiri mteremko ulivyo mkali ndivyo mahali hapo panavyokuwa juu zaidi. Ikiwa inateremka kutoka ulipoketi, hukutana chini yake. Mchoraji anayezikutanisha kingo za njia inayopanda pale pale zinapokutana kuta za nyumba huilaza njia yake chali, na nyumba iliyo juu ya kilima huonekana imezama shimoni. Katika mfano wetu nyumba iko juu kuliko ulipoketi, hivyo utaiona dari ya upenu kwa chini, lakini hutaiona sakafu ya baraza. Ngazi zilizo chini ya usawa wa macho zitakuonyesha mahali pa kukanyaga, na kila unavyopanda mahali hapo patakuwa pembamba zaidi, mpaka kwenye ngazi iliyo sawa na jicho lako ambapo utaona ukingo wake wa mbele tu.

Upana wa njia hupungua kwa kanuni nyepesi: umbali ukiongezeka maradufu, upana unaoonekana hubaki nusu. Njia ya sentimita 120 iliyo mita 3 kutoka kwako, ikichukua upana wa kiganja kwenye ubao, itabakiwa na robo ya kiganja itakapokuwa mita 12. Wanafunzi wengi huogopa kuibana kiasi hicho. Kama njia ina kona, sehemu inayokata kulia au kushoto huonekana kama utepe mwembamba uliolala, nao huzidi kuwa mwembamba inavyokwenda mbali. Kona ya tatu mara nyingi ni kiboko kimoja tu cha brashi.

Baraza la matao lina hila yake. Chora kwanza umbo la baraza lote kama mstatili uliobanwa na umbali, kisha unganisha pembe zake kwa mishazari miwili. Pale mishazari inapokatana ndipo ilipo nguzo ya katikati, ingawa ukipima kwa rula utaikuta iko karibu zaidi na upande wa mbali. Rudia vivyo hivyo kwa kila nusu, nawe utapata nguzo mbili zilizobaki bila kubahatisha. Kwa kila tao, mishazari ya mstatili wake itakuonyesha kilele kilipo, na nusu ya tao iliyo karibu nawe itakuwa pana kuliko nusu ya mbali. Usisahau unene wa ukuta. Nyumba za zamani zina kuta nene, na ule utepe wa ndani ya tao, unaoonekana upande mmoja tu wa kila tao, ndio unaomwambia mtazamaji kuwa hii ni nyumba ya mawe au matofali na kwamba si pazia lililokatwa kwa mkasi.

Vivuli kwanza

Mipaka ya vivuli ikishakuwa tayari, finya macho mpaka maua yapotee na yabaki mabaka tu. Gawa unachokiona katika ngazi 5 za mwanga na giza, ya 1 ikiwa nyeupe kabisa na ya 5 ikiwa giza la ndani ya mlango. Ukuta juani ni 1. Njia nyekundu juani ni 2. Ukoka na majani juani ni 3. Vivuli vingi ni 4, na ya 5 ni matundu machache tu: mlango, chini ya ua wa michongoma, ndani ya kichaka cha boganvilia. Jambo ambalo akili hulikataa ni kwamba ukuta mweupe ulio kivulini mara nyingi una giza kuliko udongo mwekundu ulio juani. Mchoraji anajua kuwa ukuta ni mweupe, basi anaupaka mweupe, na hapo jua linazimika. Anayetilia shaka akunje karatasi iwe kama bomba jembamba, achungulie ukuta ulio kivulini kwa jicho moja, kisha auelekeze udongo wa juani.

Picha ya simu iliyogeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe inasaidia kulinganisha, lakini haipaswi kuaminiwa upande wa giza, kwa sababu kamera hutia vivuli weusi kupita jicho linavyoona. Ukichora kutoka kwenye simu, vivuli vyako vitakuwa mashimo.

Sasa paka vivuli vyote, bustani nzima, kabla ya kitu kingine chochote. Rangi yake si moja. Miji yetu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, anga wakati wa kiangazi huwa ya bluu iliyoiva, na kivuli kilicho wazi hupata mwanga wake kutoka kwenye anga hiyo. Kivuli cha nguzo kilicholala juu ya njia nyekundu, kwa hiyo, huelekea zambarau: altramarini, sienna na alizarini kidogo. Kivuli juu ya ukuta mweupe ni nyeupe iliyotiwa altramarini na chembe ya oka, ili isiwe kama sabuni ya unga.

Lakini ingia barazani uinue macho. Dari iliyo nyuma ya matao haioni anga hata kidogo. Kinachoangaliana nayo ni udongo mwekundu unaowaka jua pale nje, na udongo huo huirushia dari mwanga wake. Asubuhi nilipoliona jambo hili kwa mara ya kwanza nilidhani kuna taa imewashwa. Dari ilikuwa na rangi ya papai, ikikolea karibu na matao na kufifia kuelekea ukutani, na upande wa ndani wa kila tao ulikuwa na wekundu huo huo kwa chini na ubaridi wa kijivu kwa juu. Palipokuwa na boganvilia karibu na nguzo, ukuta ulikuwa na haya ya waridi isiyozidi upana wa viganja viwili. Kiasi hicho kidogo cha joto ndani ya kivuli ndicho kinachoonyesha jua la nje lilivyo kali, kuliko kitu chochote utakachokipaka juani kwenyewe. Changanya oka na ile nyekundu yenye machungwa, itie altramarini kidogo ili ishuke mpaka ngazi ya 4, na usiivushe hapo: ikiwa na mwanga kama wa nje, baraza litaonekana halina paa.

Tazama pia kivuli kinavyotembea juu ya maumbo. Kivuli cha shina la mti kikivuka njia hushuka kwenye mfereji uliochimbwa na maji ya mvua, hupanda juu ya jiwe la ukingo, na kikifika kwenye ngazi huvunjika kama nyoka wa pembe pembe, kikilala mahali pa kukanyaga na kusimama kwenye uso wa kila ngazi. Ukikichora kivuli hicho kwa uaminifu, hutahitaji kuchora mfereji wala jiwe.

Kingo za kivuli si sawa kote. Karibu na kitu kinachokitupa ukingo ni mkali kama wa kisu, na mbali nacho hulainika. Kwa kuwa jua si nukta bali ni duara, kivuli cha tawi lililo mita 5 kutoka mahali kilipoangukia huwa na ukingo uliofifia kwa sentimita kama 5. Huo ni ufifiaji unaoonekana wazi, na ni mahali pazuri pa kutumia brashi yenye unyevu.

Vijiduara vya mwanga vilivyotapakaa chini ya mparachichi navyo vinatokana na duara hilo hilo. Kila kitundu kati ya majani huchora sura ya jua ardhini, hivyo madoa hayo ni mviringo hata kama matundu yenyewe yana pembe. Walioenda Rujewa, wilayani Mbarali, tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na kubaki kama pete, waliweza kuona pete hizo zimetapakaa chini ya miti. Kwa hiyo usichore madoa yenye pembe kama vipande vya chupa. Yachore kama duara zilizobanwa na mtazamo, pana zaidi kuliko urefu wake ukiwa umeketi chini, makubwa karibu nawe na madogo sana mbali, mengine yakipandana. Yawe machache kuliko unavyoyaona. Yakizidi, ardhi itaonekana imemwagikiwa mchele.

Kijani cha jani la mgomba

Kijani kinachotoka kwenye tyubu ni adui wa bustani, kwa kuwa mchoraji hukitumia kila mahali na mimea yote hugeuka plastiki. Chukua jani moja la mgomba lililo kati yako na jua na uhesabu rangi zake. Sehemu iliyojikunja kuelekea angani inang'aa kwa weupe wenye ubluu, karibu haina kijani kabisa. Sehemu ambayo jua linapenya kutoka nyuma ni njano ya kijani iliyo kali kuliko kitu kingine chochote bustanini, na mshipa wa katikati unaonekana hapo kama mstari mweusi. Sehemu iliyoangukiwa na kivuli cha jani jingine ni kijani cha bluu. Na palipochanwa na upepo, kati ya nyuzi na nyuzi, unaona giza la shina. Hizo ni rangi nne katika jani moja, na kichaka chochote kina nne hizo hizo kwa viwango tofauti.

Kwa mwanga unaopenya tumia njano ya limau na altramarini kidogo mno. Kwa mng'ao wa juu tumia nyeupe, altramarini na chembe ya njano. Kwa kivuli ongeza sienna kwenye kijani chako mpaka kipoteze kelele. Kwa mikaratusi na ua wa michongoma, nyeusi iliyotiwa njano ya limau hutoa kijani kilichokomaa ambacho mchanganyiko mwingine haukifikii, na hapo ndipo ninapoiruhusu nyeusi. Boganvilia haichorwi ua kwa ua: ni kichaka chenye upande wa jua na upande wa kivuli kama mpira, alizarini na altramarini upande wa giza, alizarini na nyeupe upande wa mwanga, kisha vipande vitano au sita tu vyenye umbo kamili kwenye ukingo, mahali vinapokutana na ukuta. Mijakaranda ikichanua mwezi wa Oktoba, zulia la maua yaliyoanguka juu ya njia huwa karibu bluu kwenye kivuli na karibu waridi juani, na mpaka kati ya hizo mbili ni ule ule mpaka wa kivuli uliouchora mwanzo.

Mlima ulio nyuma ya bustani, uwe ni Loleza juu ya Mbeya au Rungwe unaokaribia mita 3,000, uchorwe kwa rangi mbili tu na bila maelezo. Kuanzia Agosti mpaka mvua zinapoanza, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa huufanya mlima kuwa kijivu chenye zambarau, na hilo ni bahati kwa mchoraji, kwa sababu kila kilicho mbele yake huonekana kimewashwa.

Mwanga mwishoni

Ikiwa vivuli vimekaa vizuri, utashangaa jinsi kazi iliyobaki ilivyo ndogo. Ukuta wa juani upakwe mara moja tu kwa rangi nene, nyeupe yenye oka kidogo, kwa viboko vinavyofuata mwelekeo wa ukuta, na usirudiwe. Njia ipakwe oka, nyeupe na sienna, ikikolea wekundu karibu nawe na kupauka kuelekea ngazini. Nyeupe tupu itunzwe kwa mahali pawili au patatu: ukingo wa ngazi, ncha ya jani la mgomba, labda mdomo wa ndoo iliyoachwa kando ya njia. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kutia nukta nyeupe 40 kwenye ubao mmoja. Nilimwomba azifute zote isipokuwa 3, na alipozifuta nyumba ikarudi mahali pake.

Usimalize ubao kwa siku moja ikiwa kokoto imeshaachwa. Rudi kesho saa ile ile, keti mahali pale pale, na kwa ajili hiyo ni vizuri kuacha alama za miguu ya kiti chako kwa mawe madogo. Mzunguko huo unaweza kuendelea kwa wiki moja. Baada ya hapo, hasa mwezi wa Septemba na Oktoba ambapo jua husogea karibu nyuzi 4 kuelekea kusini kila baada ya siku 10, kivuli cha saa mbili unusu hakitakuwa tena kile ulichokiandika, na ni afadhali kuuegemeza ubao huo ukutani nyumbani na kuleta mwingine.